Togwa Iliyotuliza Ngimilo

Anayetaka kubisha abishe sasa hivi, maana nikishaanza sirudi nyuma kumchukua mtu. Mtani wetu Siksti Mlowoka alilala kaburini. Hakufa, alilala usingizi, na akakoroma.

Yalikuwa mazishi ya mzee Kanisi Kinunda, kijijini kwetu Ngimilo, huku Umatengoni, enzi hizi ambazo kahawa inachumwa na buibui wa chuma na watu wanavuka mabonde kwa waya badala ya kuteremka na kupanda kama mbuzi. Lakini hata waje buibui wa chuma wangapi, kwetu mazishi hayaendi bila mtani. Kazi ya mtani ni kuvuruga. Anamtukana marehemu, anaiga alivyokuwa akitembea, na jeneza likifika anajitupa shimoni na kuapa kwamba hatoki mpaka apewe kuku. Wafiwa wanacheka huku wanalia, kuku anatolewa, maisha yanaendelea. Siksti ndiye bingwa wa kazi hiyo kuanzia huku milimani mpaka ziwani. Kuna msiba mmoja alidai mbuzi, akapewa, akamkataa mbuzi kwa sababu anafanana na marehemu.

Siku ile alikuwa amekaa kwetu tangu msiba ulipoanza, anakula na kunywa togwa kama sisi wote. Jeneza lilipofika akajitupa shimoni kwa kishindo. Tukatega masikio kusubiri matusi.

"Udongo wa humu ni laini sana," alisema Siksti kwa sauti ya upole. "Hongereni mliochimba."

Akafumba macho.

Padri akakohoa. Mjane, Mama Hilda, akachungulia shimoni, akasema, "Mwacheni apumzike. Amechoka." Na umati mzima ukaitikia kama kwaya, "Kweli, amechoka." Tukakaa chini kwenye nyasi, tukamsubiri. Marehemu naye akasubiri, angefanyaje?

Mtu mmoja tu hakukaa. Mjukuu wangu Theofrida alibaki amesimama, mikono kiunoni, anatutazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta kuku wake katika banda la jirani.

"Babu," aliniambia, "Siksti amelala kaburini na hakuna hata mtu mmoja anayecheka."

"Sawa, mke wangu," nikamjibu. Babu na mjukuu ni watani, huyo tangu azaliwe ni mke wangu na mimi ni mume wake mzee asiye na meno. Kwa kawaida nikimwita hivyo ananijibu kwamba anatafuta kijana wa kunirithi. Siku hiyo alinishika kidevu akanitazama machoni.

"Na huyo mbuzi anayekula kofia yako?"

Nikageuka. Kweli, mbuzi wangu Meja alikuwa anatafuna kofia yangu ya sherehe.

"Inaelekea ni tamu," nikasema.

Frida, ndivyo tunavyomwita, akakimbia kwenye kituo cha waya kumwita daktari.

*

Hapo lazima nieleze ugonjwa, la sivyo mtanisumbua maswali.

Frida ana kifafa cha sehemu. Si kile cha kuanguka na kutoa povu, ambacho kila mtu anakijua na kukikimbia. Chake huanza na kidole gumba cha kushoto kucheza ngoma peke yake. Kisha ananusa nywele zinazoungua, wakati hakuna anayechoma nywele. Kisha anakaza macho, mdomo unatafuna kitu ambacho hakipo, vidole vinachezea vifungo vya blauzi. Kitambo kidogo tu, anarudi, anauliza mazungumzo yamefika wapi.

Daktari wake, Eurelia Hyera, alinieleza hivi siku moja nilipomganda. Ubongo ni kijiji. Nyumba zake zinaitana kwa umeme na chumvi: mlango unafunguka, chumvi inaingia, cheche inaruka kwenda kwa jirani. Kifafa kikubwa ni kijiji kizima kupiga kelele kwa pamoja. Kifafa cha sehemu ni nyumba moja tu iliyofanya harusi bila kibali. Vidonge vya zamani vilikuwa vinabana milango ya chumvi katika kijiji kizima ili nyumba hiyo moja inyamaze. Watu wengi viliwafaa vizuri, wakaoa, wakalima, wakazeeka navyo. Frida naye vilimnyamazishia nyumba hiyo, lakini vilimpa usingizi, na kila kitu alikiona mara mbili. Nyaya mbili mahali penye waya mmoja! Na mtu anayeona nyaya mbili hapewi leseni ya kuendesha kibanda kinachoning'inia juu ya bonde na abiria ndani.

Na yeye tangu utotoni alitaka kitu kimoja tu, kiti cha mbele cha kibanda kile.

Ndipo ikaja chachu. Kidonge kimoja, kina hamira hai ndani. Unameza mara moja, inaota utumboni, inapanda mpaka kooni, na inakupikia dawa yako humohumo tumboni, kwa matone. Chachu ya Frida ilifundishwa kuisikiliza damu yake. Cheche zikianza kukusanyika, inadondosha tone. Zikitulia, inalala. Kidole gumba kikasahau ngoma. Baada ya muda wa kutosha bila kifafa akapewa leseni, na siku ya kwanza alinivusha bonde huku anaimba, mimi nimefumba macho, si kwa sababu ya kifafa chake, ni kwa sababu ya uimbaji wake.

Basi Daktari Eurelia alifika Ngimilo kwa kibanda, amebeba kinusio, chombo kama filimbi ambacho ukikipulizia kinasema nini kinaota tumboni mwako. Nikapuliza mimi. Kikawa kijani, rangi ya chachu ya Frida. Akapuliza Mama Hilda, kijani. Siksti, tuliyemtoa shimoni ili mzee azikwe, alipulizia akiwa bado amejilaza, kijani. Tulipokisogeza kwa Meja, mbuzi akakinusa, akakilamba, kijani.

"Haiwezekani," alisema daktari. "Chachu hii haiwezi kuishi nje ya tumbo la mtu. Ikikutana na hewa inakufa. Ikikutana na sabuni inakufa. Waliijaribu mjini kwa familia nyingi sana."

"Na huko mjini watu wanakunywaje?" aliuliza Frida taratibu.

"Wanakunywaje vipi? Kila mtu na bilauri yake."

Frida akakaa chini kwenye kigoda. "Daktari, ngoja nikuonyeshe sengu."

Sengu ni baraza letu la kula. Nyumba za ukoo zinaleta chakula mahali pamoja, tunakula pamoja, na mambo ya kijiji tunayaamua hapohapo, midomo ikiwa imejaa. Togwa inakaa katika chungu kimoja karibu na moto, imechanganywa kimea cha ulezi, nayo kata ya kunywea ni moja. Aliyeipika anaonja wa kwanza mbele ya wote, kuonyesha kwamba hakuna sumu. Kinachobaki katani anakirudisha chunguni, kwa sababu kukimwaga ni kuwaambia wageni wako kwamba hawastahili. Kisha kata inazunguka, na kila mmoja anarudisha alichobakiza. Na kila nyumba inachota togwa ya sengu kwenda kuchachushia ya kwake, na machicha wanapewa mbuzi na kuku.

Daktari alikikodolea macho chungu kile. Joto zuri. Utamu wa kimea. Hewa haiingii chini ya utando.

"Nani anapika?"

"Mimi," alisema Frida.

"Na nani anaonja wa kwanza?"

"Mimi."

"Na unarudisha?"

"Daktari, ni heshima!"

Daktari Eurelia alijifunika uso kwa mikono miwili. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka kinusio kikamponyoka.

Akatueleza tatizo. Tumboni mwa Frida chachu inamjua mwenyewe, inapika akihitaji. Tumboni mwetu haimjui mtu, haisikii cheche ilizofundishwa kuzisikiliza, kwa hiyo inapika tu, asubuhi mpaka jioni, kama mpishi aliyeachwa bila kuambiwa wageni ni wangapi. Kijiji kizima kilikuwa kinatibiwa kifafa ambacho hakina.

"Wala si vibaya," nikasema. "Tumelala vizuri."

"Nyamaza, Babu," alisema Frida.

*

Nami nisiwadanganye, kulikuwa na raha yake. Oswini na Daudensi, waliogombania mpaka wa shamba tangu wakiwa na nywele, walipeana ardhi. Oswini alisogeza mpaka kumpa Daudensi, Daudensi akausogeza kumpa Oswini, wakaendelea hivyo mpaka kipande cha katikati kikawa si cha mtu, na sungura wakahamia. Jogoo waliwika kwa kunong'ona. Timu yetu ya mpira ilimpisha mshambuliaji wa wageni afunge kwa kuwa alikuwa ametoka mbali. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Bonifasia Nchimbi, alipitisha hoja zote alizokuwa amezificha kwa miaka, ikiwamo ile ya kujengewa mnara wenye sura yake.

Kisha akaja Gaudensia Kapinga na mtoto mgongoni.

Gaudensia huyu, kwa wasiomjua, alishawahi kumrushia mwiko daktari wa mifugo kwa kumtazama ng'ombe wake vibaya. Alikuja anatabasamu kama picha ya mtakatifu.

"Daktari, nitazamie mwanangu. Mtoto mzuri! Halii kabisa. Zamani alikuwa ananiita anyonye, siku hizi ananiacha na kazi zangu."

Daktari akampokea mtoto, akampima. Tabasamu likamfutika. Mtoto alikuwa hajaongezeka hata chembe tangu alipopimwa mara ya mwisho. Dawa ilikuwa inampitia katika maziwa ya mama. Alikuwa hana nguvu ya kudai chakula chake.

"Atapona?" Frida aliuliza.

"Atapona. Tumemwahi." Daktari alimvuta Frida pembeni, na mimi nikafuata, maana hakuna aliyenikataza na mimi nilikuwa sina haraka ya kitu chochote duniani. "Ninacho kizimio. Naweka katika tangi la maji na katika vyungu vyote, na chachu inakufa kwa kila mtu. Kwa kila mtu, Frida. Kizimio hakichagui."

"Pamoja na yangu."

"Pamoja na yako. Hatuwezi kukuzimia ghafla, kifafa kitakurudia kwa hasira. Utaanza vidonge vya zamani kwanza, taratibu, ndipo tuizime. Na sheria inasema, chachu ikishatoroka haipandwi tena kwa mtu mpaka majirani zake wote waridhie. Au uhamie mjini leo, uondoke nayo. Huko utaishi vizuri."

"Mjini kuna waya?"

"Mjini kuna barabara."

Frida akatazama bonde. Kibanda chake kilikuwa kinaning'inia kituoni, kimepakwa rangi ya njano kwa mkono wake mwenyewe.

Mwenyekiti Bonifasia aliitisha sengu palepale. Alisimama, akajisafisha koo. "Ndugu zangu, mimi naona hivi. Frida abaki na chachu yake. Sisi tubaki na utulivu wetu. Watoto wapewe maziwa ya kopo. Mnasemaje?"

"Sawa," tukasema wote.

"Gaudensia?" Frida aliuliza. "Wewe unasemaje?"

"Sawa," alisema Gaudensia, anatabasamu.

Nilikuwa namtazama Frida, na nawaambia, neno hilo lilimtisha kuliko kifafa. Alipewa kila kitu alichokitaka, dawa yake, kiti chake na kijiji chake, kwa mkono mmoja, bila hata mtu mmoja kununa. Wengine wangesema asante wakaenda kulala.

"Nina hoja nyingine," alisema. "Nani anakubali Bonifasia avuliwe uenyekiti, tumpe Meja?"

"Meja gani?"

"Mbuzi wa Babu."

Mikono ikapanda yote. Bonifasia alipandisha miwili.

"Na mnara?" Frida akauliza.

"Uwe na pembe," alisema Bonifasia kwa upole.

Daktari aliuma midomo asicheke. Frida hakucheka. "Mnaona? Hiyo 'sawa' mliyonipa ni yangu mwenyewe. Imetoka tumboni kwangu, ikapita katani, imerudi. Nikiichukua nitakuwa nimejipa ruhusa mwenyewe kwa midomo yenu." Akanigeukia mimi. "Babu. Nikiizima, huenda kiti kikaenda. Nitaona nyaya mbili. Niambie nisifanye. Nigombeze. Sema neno lolote."

Mimi ni mtu niliyepigana na ukoo mzima kwa ajili ya msichana huyu. Alipokuwa mdogo walimpa kifuu chake cha kunywea, akae nyuma ya nyumba, kwa kuwa walisema kifafa kinapita katika mate. Uongo, lakini uongo wenye miguu, ulishazunguka dunia nzima. Niligomba, nikasusa kula, nikavunja kifuu, mpaka siku niliyompa kata aonje wa kwanza na wote wakanywa nyuma yake, nikawatazama kooni mmoja mmoja kama wanameza. Mimi ndiye mtu huyo.

Nikafungua mdomo.

"Sawa," nikasema.

Akanipapasa shavu. "Zima, daktari," alisema.

*

Kijiji hakikuamka siku moja. Kiliamka kama mguu uliokufa ganzi, kwa kuchomachoma.

Wa kwanza alikuwa mtoto wa Gaudensia. Alilia asubuhi moja mpaka jogoo wakaona aibu, nao wakapandisha sauti. Kisha Oswini akamkuta Daudensi kwenye kile kipande cha katikati, wakashikana mashati, na sungura wakahama. Bonifasia alikumbuka hoja ya mbuzi, akaja kwangu na fimbo kumtafuta Meja. Siksti alirudi kwa miguu yake kutoka kwao, akasimama uani kwa Mama Hilda, akamtukana marehemu matusi aliyokuwa anamdai, yote, mpaka la mwisho, na akataka kuku wawili, mmoja wa malimbikizo. Mama Hilda alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akalia kwa mara ya kwanza tangu azike.

Mimi niliamka nikiwa na hasira ya wiki zote zile kwa mkupuo. Nilikwenda kwa Frida nimekunja ngumi.

"Nani alikuruhusu kuizima?"

"Wewe, mume wangu. Ulisema sawa."

"Mimi? Mimi siwezi kusema neno la kijinga kama hilo!"

Alikuwa amekaa kituoni, kibanda anaendesha mtu mwingine, kijana wa kukodi kutoka mjini aliyefunga breki kama anamkaba adui. Mezani palikuwa na vidonge. Alinitazama upande wa kulia kwangu kidogo.

"Nawaona wawili," alisema. "Mmoja ana nafuu."

Hapohapo kidole gumba kikaanza. Nikakaa karibu naye, nikamshika bega nisimbane, nikasubiri, kama tulivyofundishwa. Mdomo ukatafuna hewa. Vidole vikatafuta vifungo. Chini ya kituo watu walikuwa wanapanda kutoka sokoni, Gaudensia mbele na mtoto mgongoni, wakasimama wakatazama.  Alipozinduka aliwakuta wote pale.

"Tumefika wapi?" aliuliza.

"Bado tupo hapahapa," nikamwambia.

Daktari alipokuja tena, sengu ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya kuta. Swali lilikuwa moja: Frida apandiwe chachu tena, ndiyo au hapana. Na sasa ndipo mngeisikia Ngimilo! Oswini alisema ndiyo, kwa hiyo Daudensi akasema hapana. Bonifasia alitaka iundwe kamati. Mama Hilda aliuliza kama chachu inaweza kupewa Siksti peke yake. Siksti akamjibu jambo ambalo silirudii. Frida alikaa katikati, mikono mapajani, na nilimwona anatabasamu kila mtu alipompigia mwenzake kelele.

Gaudensia akasimama.

"Mimi nakataa."

Akamkaza mtoto mgongoni.

"Nakataa kwa sababu mwanangu alinyamaza na mimi nikafurahi. Mnanisikia? Nilifurahi! Mama gani mimi? Nikikumbuka naona kichefuchefu. Frida ni rafiki yangu, tumechezea matope pamoja. Lakini nakataa."

Nikasimama kumjibu, na jibu lenyewe lingekuwa refu. Frida akanivuta shati nikakaa.

"Ungekubali kwa namna gani?" alimwuliza Gaudensia.

"Mate yako yasirudi chunguni. Usipike togwa. Usiguse kata."

Niliisikia sengu nzima inashusha pumzi. Wazee wote pale walikumbuka kifuu. Mimi ndiye niliyekivunja. Miaka yote ile nimewaambia watu kwamba mate ya mtu huyu hayana neno, na sasa yakawa na neno kweli! Si la ugonjwa, la dawa. Ningemweleza nani tofauti yake?

"Gaudensia," nikasema, "unajua unamwomba nini?"

"Babu, najua."

 Frida akatazama juu kule kibanda kilikokuwa kinavuka, kinayumba kwa breki za yule kijana.

"Nitakuwa na kikombe changu," alisema. "Nakubali."

Gaudensia akakaa. "Basi na mimi nakubali," alisema, na wengine wakafuata mmoja mmoja, kila mmoja kwa masharti yake na lawama zake, mpaka Daudensi, ambaye alikubali ili Oswini asipate la kusema.

Daktari akampa kidonge kimoja. Frida akakimeza kwa maji.

*

Hakuja sengu kwa muda. Alisema yuko na kazi ya kumsubiri daktari ampime, na kweli alipimwa, chachu ikaota, kidole kikatulia, nyaya zikarudi kuwa waya mmoja, vidonge vikapunguzwa kidogokidogo mpaka vikaisha. Leseni ikarudishwa. Yule kijana wa mjini alirudi kwao na breki zake. Lakini saa ya kula ikifika, Frida alikuwa na jambo la kurekebisha kule kituoni. Kila siku. Nilimpelekea chakula, nikakaa naye, tukala wawili tukitazamana kama wanandoa walionuniana.

"Twende sengu, mke wangu."

"Kesho."

Siku ya mavuno ya kwanza ya kahawa hakuwa na kisingizio, maana kibanda hakifanyi kazi siku hiyo. Alikuja. Niliona amejifunga kitenge mara mbili, na upande mmoja pana uvimbe. Kikombe. Kidogo, cha bati, amekificha kama mtu aliyeiba.

Tulipoingia nilisimama mlangoni, maana hata mimi sikuwa nimeambiwa.

Kata haikuwapo. Kando ya chungu alikaa Gaudensia, ameshika upawa wenye mpini mrefu kama jembe, na mbele yake foleni. Mama Hilda alikuwa na kikombe cha kauri chenye maua. Oswini alikuwa na bilauri, Daudensi alikuwa na bilauri kubwa zaidi. Bonifasia alileta kombe la ubingwa la timu yetu ya mpira. Siksti alikuja na ndoo.

"Hiyo ni ya kunywea?" Gaudensia alimfokea.

"Nina kiu ya ukoo mzima."

"Utapata kama wenzako. Sogea!" Akatuona. "Na ninyi mnasimama mlangoni kama wadai, ingieni. Babu, kikombe chako kiko wapi?"

"Sina."

"Basi hunywi."

"Gaudensia," alisema Frida. "Nani amewaambia mfanye hivi? Sharti lilikuwa langu peke yangu."

"Mimi nilisema mate yako yasirudi chunguni." Gaudensia alipiga upawa kwenye ukingo wa chungu. "Nilisema unywe peke yako? Nani alinisikia nikisema hivyo? Nilipofika nyumbani nikawaza: mbona ya Siksti yarudi? Umeona meno ya Siksti? Mimi mate yenu nyote yananichefua tangu nizaliwe, nilikuwa nakosa tu wa kuniunga mkono."

"Matusi hayo!" alisema Siksti, amefurahi.

"Ndiyo, matusi. Leta kikombe, Frida."

Frida akakitoa kwenye kitenge. Foleni nzima ikakitazama, kikombe kile kidogo cha bati, na Daudensi akawa wa kwanza.

"Kidogo hivyo! Unataka tukuone una adabu kutuzidi?"

"Ni cha dawa ya kikohozi hicho," alisema Mama Hilda.

"Mtu anaendesha waya halafu anakunywa kama shomoro," alisema Oswini, akikubaliana na Daudensi kwa mara ya kwanza akiwa na akili zake timamu.

Gaudensia akamjazia mpaka ikamwagikia vidoleni. Frida akanywa yote kwa pamoja, akapangusa mdomo kwa mkono, akanyoosha kikombe.

"Ongeza."

"Foleni iko nyuma," alisema Gaudensia. "Kapange kama watu."

Akaenda, akasimama nyuma ya Siksti na ndoo yake, akaanza kugombana naye nani alitangulia.